Pete ya uchumba ikatiwe bima kwa jina la anayeivaa

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Hawakutuambia ni nani atakayelipa pete hiyo ikipotea.

Swali hili lilizua kicheko katika chumba cha walimu cha shule yetu hapa Bwera muhula uliopita. Mwenzetu mmoja, kijana anayefundisha fizikia, alikuwa amemvisha mchumba wake pete ya dhahabu aliyoinunua Kampala kwa shilingi milioni tatu za Uganda. Akauliza kama kuna kampuni inayoweza kuikatia bima, jinsi pikipiki yake inavyokatiwa. Mzee mmoja akamjibu kwamba hajawahi kuona kidole kikigongwa na lori. Mwingine akamshauri awakatie bima mbuzi wa mahari kwanza, maana mbuzi hufa na dhahabu haifi. Kengele ikalia, kila mtu akashika chaki yake, na swali likabaki mezani pamoja na vikombe vya chai.

Kwa maoni yangu kijana yule aliuliza jambo la busara, ila aliliuliza nusu. Nusu aliyoiuliza ina jibu rahisi: naam, pete hukatiwa bima. Nusu aliyoiacha ndiyo nzito. Karatasi ya bima iandikwe kwa jina la nani? Yeye alikusudia iandikwe kwa jina lake, kwa hoja kwamba pesa zilitoka mfukoni mwake. Mimi nasema iandikwe kwa jina la binti, na nina sababu.

Kwa msomaji asiyetufahamu, Bwera iko magharibi kabisa mwa Uganda, katika wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Ukitoka Kasese mjini unashuka hadi Kikorongo, kisha unashika barabara ya Mpondwe hadi mpaka ambapo ng'ambo yake ni Kasindi, nchini Kongo. Sisi Wakonzo huoa kwa mbuzi. Majirani zetu Wanyankole hujivunia ng'ombe. Wazee wetu wametosheka na mbuzi, na idadi wanayoitaja mara nyingi ni 12.

Pete ya uchumba ni mgeni hapa. Pete ya ndoa tuliizoea kanisani, lakini hii ya kumpigia binti goti hotelini huku marafiki wakipiga picha imetufikia juzi juzi kupitia televisheni na simu. Wala tusidhani ni desturi ya kale huko ilikotoka. Hata Marekani, ada ya kuchumbia kwa almasi ilienezwa hasa na matangazo ya kampuni ya De Beers kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na ile kauli yao mashuhuri kwamba almasi ni ya milele ilibuniwa mwaka 1947 na mwanamke mmoja aliyekuwa akiandika matangazo ya biashara. Siwalaumu vijana. Kila desturi ilianza na mtu fulani.

Kilichobadilika ni pesa. Tangu Julai 2022 serikali ilipowapandishia mishahara walimu wa sayansi, mwalimu wa fizikia mwenye shahada hupewa milioni nne kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa shule ya msingi alibaki na takriban laki tano. (Sisi wa Kiswahili na historia tunajua tulikoachwa, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Hali kadhalika bei ya kahawa ilipopanda sana mwaka 2024 na 2025, familia nyingi za milimani huku zilishika fedha ambazo hazikuwahi kuzishika. Kwa hiyo pete ya milioni tatu, ambayo kwa mwalimu wa fizikia haifiki hata mshahara wa mwezi mmoja, imekuwa kipimo ambacho mwalimu wa darasa la tatu naye anataka kukifikia kwa mkopo wa Sacco. Kwake yeye hiyo ni mishahara ya miezi sita. Huyo asitafute bima; atafute pete ndogo.

Sasa tuhesabu vinavyotolewa siku ya kumtambulisha binti na jinsi vinavyogawanywa. Mbuzi ni wa baba, ambaye aghalabu huwagawia ndugu zake au huwaweka waje kumwolea kaka wa binti. Vitenge na mablanketi huenda kwa mama na mashangazi. Soda, mchele na nyama huenda kwa wageni, ambao hulalamika hata hivyo. Katika mali yote inayobadilisha mikono siku hiyo kwa sababu ya msichana mmoja, kitu pekee kinachobaki mkononi mwake ni ile pete. Ndugu zetu Waislamu hapa Bwera na Kasese mjini wametutangulia katika hili, kwani kwao mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe wala si ya baba yake. Sisi wengine tumempa binti sherehe, tukawapa wazazi mali.

Ndiyo maana siichukulii pete kuwa mapambo tu. Wala sisemi hivi kwa kusoma vitabuni. Nimelelewa uhamishoni. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu, aliondoka Bwera pamoja nasi mwaka 1982, wakati ambapo watu walikuwa wakichukuliwa usiku baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 na vita vilivyofuata. Nilikuwa mchanga mgongoni. Tulikaa Nakuru, Kenya, na huko ndiko nilikosoma hadi kidato cha nne. Nyumba ya baba, shamba la kahawa, mbuzi na baiskeli vilibaki Bwera, na hakuna aliyetulipa hata senti. Mama alikuwa na pete nyembamba ya dhahabu. Nilipopata nafasi ya kidato cha kwanza mwaka 1996 na karo ikakosekana, aliipeleka kwa sonara mjini. Sonara aliiweka kwenye mizani ndogo, akasoma uzito, akamhesabia noti. Hakumuuliza mumewe yuko wapi, wala hakutaka barua ya chifu. Nimekuwa mwalimu kwa sababu ya gramu chache ambazo mama aliweza kuziuza bila ruhusa ya mtu.

Niliporudi nyumbani mwaka 2000 niliwakuta wanawake wenye habari kama hizo. Waasi wa ADF walipoivamia Mpondwe tarehe 13 Novemba 1996, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Mwaka 2013, tarehe mosi Mei, mto Nyamwamba ulivunja kingo zake ukapita Kilembe na Kasese mjini; Mei 2020 ukarudi tena na kuiharibu hospitali ya Kilembe, na katika mafuriko hayo hata mto wetu Lhubiriha ulifurika. Maji huchukua kitanda, kabati, kuku na mbuzi. Kilicho kidoleni hutoka pamoja na mwenye kidole. Katika nchi kama hii yetu dhahabu ya mwanamke yenyewe ni bima, na kuikatia bima ya karatasi ni kuweka kufuli juu ya kufuli.

Lakini kufuli hilo lina faida moja ambayo pete peke yake haina: lina jina.

Katiba ya Uganda ya 1995, katika kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, awe peke yake au pamoja na wengine. Ni maneno matamu. Kazi huja pale unapotakiwa kuonyesha kwamba mali fulani ni yako. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uganda ilitoa uamuzi katika kesi ya talaka kwamba kufunga ndoa hakumpi mtu moja kwa moja nusu ya mali ya mwenzake. Kila mmoja anaweza kubaki na kilicho chake, na mgao hutegemea mchango unaothibitishwa. Mwanamke asiye na risiti wala hati huingia mahakamani hapo na mdomo mtupu. Mahakama hiyo hiyo, tarehe 6 Agosti 2015, katika kesi iliyofikishwa huko na shirika la MIFUMI, ilikataa kuharamisha mahari lakini ikaamua kwamba kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Wanaume wengi huku kwetu walisikia sehemu ya kwanza tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mabinti wengi wa Bwera, mkataba wa bima ya pete ungekuwa karatasi ya kwanza maishani inayosema: kitu hiki chenye thamani hii ni mali ya fulani, na akikipoteza, yeye ndiye atakayelipwa.

Kuna watakaoona hii ni siasa ya wanawake nimeivika joho la bima. Basi tuliache hilo, tuitazame bima yenyewe. Msingi wake mmoja, unaofundishwa kila pahali, ni kwamba huwezi kukatia bima kitu ambacho kupotea kwake hakukutii wewe hasara. Siwezi kukatia bima duka la jirani kisha niombe liungue. Sasa mzee wetu alimwambia kijana awakatie bima mbuzi. Ni kweli kuna mpango wa bima ya kilimo, unaogusa mazao na mifugo, ambao serikali ya Uganda iliuanzisha mwaka 2016 ikimsaidia mkulima kulipa sehemu ya ada. Lakini mbuzi wakishafungwa uani kwa baba mkwe, wamekuwa wa baba mkwe. Wakifa wiki ya pili, hasara ni yake. Hakuna anayempigia simu bwana harusi alete wengine, na akipigiwa, aizime.

Msingi huo huo ndio unaohukumu pete. Umeitoa, ameivaa mbele ya mashahidi, imekuwa yake. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichotwa, sheria ya mwaka 1970 inachukulia kwamba pete ya uchumba ni zawadi kamili isipokuwa ithibitishwe kwamba ilitolewa kwa sharti la kurudishwa. Mwanamume anayeikatia bima kwa jina lake anajitangaza kuwa mmiliki wa kitu alichokwisha kukitoa. Ajenti atapokea ada bila maswali. Maswali huanza siku ya kudai fidia, na swali la kwanza huwa: mali hii ilikuwa ya nani?

Tena nimewasikia wanaosema kwamba wanaiweka bima kwa majina yao ili binti akibadilisha nia wasipate hasara. Hao hawajaelewa wanachokinunua. Bima ya pete hulipa pete ikiibwa, ikiungua, ikianguka mtoni. Hailipi moyo uliovunjika. Hata huko Uingereza kunakouzwa bima ya harusi nzima, kuanzia keki hadi gauni, bwana au bibi akighairi tu kwa kuwa ameghairi, kampuni hailipi.

Utaratibu wenyewe hauna miujiza. Kwa kawaida pete huingizwa ndani ya bima ya nyumba na vilivyomo, ile inayokinga samani, runinga na nguo dhidi ya moto, maji na wezi. Humo huwa kuna sehemu ya vitu vya thamani ambavyo mtu hutoka navyo nje, kama saa, kamera, kompyuta ya mkononi na vito, na kila kimoja huandikwa peke yake kwa maelezo na bei. Hapo ndipo pete inapotakiwa kukaa. Ikiachwa bila kutajwa, itahesabiwa kuwa mojawapo ya vyombo vya nyumbani, na ikidondoka shambani hakuna atakayekusikiliza. Nawaambia wanawake wenzangu hili mara mbili, kwa sababu wengi wetu hatupotezi pete kwa majambazi. Tunaipoteza tukipalilia mihogo, tukichuma kahawa, tukifua mtoni na tukikanda unga. Uliza waziwazi: je, ikipotea tu, bila mwizi na bila moto, mtalipa? Mikataba mingine hulipa, mingine hutaka mlango uliovunjwa.

Utatakiwa kuwa na risiti ya duka, cheti cha mthamini kinachoeleza uzito, aina ya madini na mawe, pamoja na picha. Jifunzeni pia kusoma chapa iliyo ndani ya pete. Dhahabu halisi huhesabiwa kuwa karati 24. Chapa ya 750 maana yake ni karati 18, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu na zilizobaki ni madini mengine ya kuikaza. Chapa ya 375 ni karati 9. Humo dhahabu haifiki hata nusu. Zote mbili hung'aa sawa chini ya taa ya dukani.

Kuhusu ada, Marekani watu hulipa kama asilimia moja hadi mbili ya thamani ya pete kila mwaka. Kwa kipimo hicho pete ya milioni tatu ingegharimu kati ya shilingi 30,000 na 60,000. Lakini usiende Kasese mjini na hesabu ya Marekani mfukoni. Mkataba mdogo una gharama za karatasi kama mkubwa, juu yake kuna kodi na ushuru wa stempu, na kampuni huweza kuwa na kiwango cha chini cha ada ambacho haishuki chini yake. Kuna pia sehemu ya hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Ikiwa pete ni ya laki mbili, hesabu yote hiyo yaweza kuwa haina maana. Ivae, uitunze, basi. Ikiwa ni ya milioni tatu na ada ya mwaka inakutoa jasho, jua kwamba uliinunua pete ya mtu mwingine.

Jambo ambalo mawakala hawalizungumzii sana ni kwamba bei ya dhahabu haitulii. Mnamo Agosti 2020 wakia moja, ambayo ni gramu 31.1, ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Chukua pete ya gramu nne ya karati 18, ambayo ndani yake mna gramu tatu za dhahabu halisi. Dhahabu hiyo ilikuwa na thamani ya dola 190 na ushei mwaka 2020. Miaka mitano baadaye ikafika dola 380 na zaidi. Aliyeikatia bima mwaka 2020 na kuendelea kulipia kiasi kile kile kila mwaka, pete ikipotea atapewa bei ya zamani, nayo haitamnunulia hata nusu ya dhahabu ile. Mikataba mingine ina adhabu zaidi: ukiwa umeandikisha nusu ya thamani, basi hata ukarabati wa jiwe lililong'oka utalipiwa nusu. Kwa hiyo pete ipimwe upya kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ya almasi nayo ina shida ya kinyume chake, kwani almasi zinazotengenezwa maabara zimeshusha bei, na atakayeirudisha dukani kuiuza ataambiwa bei itakayomshangaza. Kama ningeulizwa, ningesema dhahabu tupu, bila jiwe.

Sasa tufike kwenye yale maandishi madogo. Karibu kila mkataba wa bima ya mali huondoa hasara inayotokana na vita, uasi na ugaidi, isipokuwa mtu alipie kinga hiyo kwa ziada. Msomaji wa Nairobi au wa Kampala aweza kuliruka fungu hilo. Sisi hatuwezi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliingia katika shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha na kuwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hakuna bima inayofikia msiba ule, nami siutaji ili kuupima na pete. Nautaja kwa sababu ajenti anayekuja Bwera kuuza mkataba usiojali hofu ya watu wa Bwera anapaswa kuulizwa mbele ya watu: hili limo au halimo? Na jibu aliandike.

Fungu jingine ni la mipaka. Mikataba mingi hukinga mali ikiwa ndani ya Uganda. Sisi Mpondwe tunavuka daraja kwenda sokoni, hospitalini, harusini na matangani. Wakonzo na Wanande wa ng'ambo wana lugha moja, na shangazi yako anaweza kuwa raia wa Kongo. Pete ikipotea upande wa Kasindi, kampuni ina haki ya kusema imepotea nje ya mkataba. Kinga ya nje ya nchi huweza kuongezwa ukiiomba mapema. Usipoiomba, ivue kabla ya daraja.

Halafu wapo watakaosema: ya nini kwenda Kampala ilhali dhahabu inavuka hapa mlangoni? Ni kweli Uganda imekuwa ikiuza nje dhahabu nyingi kuliko inayochimbwa nchini, na Machi 2022 Marekani iliiwekea vikwazo kampuni moja ya kusafisha dhahabu huko Entebbe kwa sababu ya dhahabu ya Kongo. Achilia mbali damu iliyomwagika juu ya dhahabu hiyo, ambayo peke yake yatosha kumfanya mtu aikatae. Pete iliyonunuliwa kwa kunong'onezana nyuma ya duka haina risiti, haina chapa, haina mthamini. Kwa kampuni ya bima pete hiyo haipo. Na mara nyingi hata dhahabu haipo. Watu wa Kasese, ambao Kilembe ilichimba shaba mbele ya macho yao tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wangepaswa kuwa wa mwisho kuuziwa shaba iliyosuguliwa.

Anayetaka kuanza si lazima asafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda Kampala. Tangu sheria ya bima ya mwaka 2017 benki nazo zimeruhusiwa kuuza bima, hivyo karani wa benki ya Kasese mjini anaweza kukuonyesha wa kuzungumza naye. Nendeni wawili, bwana na binti, siku moja. Bwana abebe risiti na barua fupi, yenye sahihi yake na ya shahidi mmoja, inayosema pete ameitoa zawadi. Binti abebe kitambulisho chake cha taifa na picha. Bwana akipenda alipe ada ya mwaka wa kwanza. Nayo ni zawadi nzuri kuliko keki. Fomu isomwe yote kabla ya sahihi, na nakala ikae kwa binti, kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vyake vya shule, pahali ambapo mkono unafika haraka usiku. Pete ikipotea, kituo cha polisi kiarifiwe mara moja, na kampuni iarifiwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye mkataba kwisha. Kampuni ikizungusha, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda ina ofisi ya malalamiko, na mlalamishi atatakiwa kuonyesha mkataba wenye jina lake.